Amisi Hakusimama

Nianze na yale utakayotaka kuniuliza. Sikuwa nimelewa, pombe niliiacha zamani. Sikuwa na malaria. Wala haikuwa usiku. Najua visa vya namna hii watu huviweka usiku, kwenye njia ya makaburi, mbwa wanabweka. Changu kilinipata saa tisa mchana, katika sale, ule ukumbi wa parokia yetu hapa Kindu, sehemu ya mji iitwayo komuni ya Kasuku, na kwenye baraza, pembeni ya mlango, alikuwepo mama mmoja anakaanga mikate ya mafuta. Anaitwa Mama Feza. Bado anakaanga pale pale. Jina langu sitakutajia, lakini ukimuuliza yeye atakuonyesha nyumba.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa korali. Natunga nyimbo tangu ujana. Sasa uzeeni nikaingiwa na tamaa ya kutunga kitu kikubwa kuliko vyote, opera. Opera ni mchezo ambao watu hawazungumzi, wanaimba tu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hata mtu akiomba maji, anaimba. Nilizisikia kwenye kaseti za padri mmoja mzee nilipokuwa kijana, zikanikaa kichwani. Wamama wa korali neno hilo liliwashinda, wakaliita "operesheni". Nikifika kwenye mazoezi wananiuliza, "Mwalimu, leo tena unatupasua?" Tunacheka.

Tulicheka, ndiyo. Lakini opera yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Ilikuwa habari ya rafiki yangu Amisi.

Wewe ambaye hukuwa Kindu miaka ya vita, acha nikueleze kidogo. Mji ulifungwa. Ndani walikuwa watu wenye bunduki, na msituni, pande zote, walikuwa watu wengine wenye bunduki. Treni haikuja. Mashua hazikuja. Ukienda shamba kuchimba muhogo, uliwaaga watoto kama mtu anayekwenda kufa, na wengi hawakurudi kweli. Tulikula majani ambayo mbuzi anayakataa. Na chumvi! Niamini, chumvi ilikuwa kama dawa. Mtu aliweza kulamba punje mbili kwenye kidole na kufumba macho.

Amisi alikuwa fundi wa redio na mpiga gitaa, Mwislamu wa mtaa wa Mikelenge, mtoto wa pekee wa Mama Zaina. Mimi Mkristo wa korali. Muziki ndio uliotuunganisha. Alikuwa na kigugumizi kidogo, na hakujua kusoma nota hata moja, lakini ukimwimbia wimbo mara moja tu, ameushika. Siku zile za njaa alikuja kwangu karibu kila mchana, tukaimba ili tumbo lisahau.

Basi kulikuwa na komanda mmoja aliyeficha chumvi. Magunia yaliingia kwake kwa mlango wa nyuma, na mji mzima unapika bila chumvi. Nikatunga wimbo. Angalia ninavyosema: nikatunga mimi. Maneno yangu, sauti yangu. Ulikuwa mfupi tu:

*Sufuria inauliza, mama unapika nini?*
*Ninapika machozi yangu, njo yenye iko na chumvi.*

Yaani machozi ndiyo yenye chumvi. Haikupita wiki, wanawake sokoni walikuwa wanauimba kwa sauti ya chini, macho wameyapeleka pembeni. Na haikupita wiki nyingine, askari watatu waliingia nyumbani kwangu. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limejaa hewani. Amisi alikuwa amekaa juu ya bido, lile dumu la maji, anakaza nyuzi za gitaa, viatu amevivua mlangoni. Mkubwa wao akauliza, "Wimbo ya chumvi, nani alitunga?"

Sasa, nilivyowaambia watu ni hivi. Niliwaambia kwamba Amisi alisimama. Kwamba aliweka gitaa chini, akajipiga kifua, akasema, "Ni mimi." Wakamchukua, na mpaka leo hatujui walimlaza wapi.

Mji ulimlilia Amisi kama shujaa. Mama yake alinishika mikono yote miwili akasema, "Mutoto yangu amekufa kwa ajili yako. Basi wewe njo mutoto yangu sasa." Na hakusema tu. Tangu mwaka ule, kila Idi, aliniletea chakula, wali na samaki wa mto, amefunika na kitambaa safi. Vita viliisha, miaka ikapita mingi, nywele zake zikawa nyeupe zote, sahani ile bado inakuja. Tulikula na mke wangu na watoto. Tukaiosha, tukairudisha.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini opera ya kwanza maishani mwangu ilikuwa ya Amisi. Niliona ninalipa heshima. Vijana wa korali waliipenda. Sehemu ya njaa waliiimba mpaka wengine wakalia. Sehemu ya soko, vivyo hivyo. Lakini tendo la mwisho lilikataa.

Sijui nikueleze vipi. Katika tendo hilo komanda anauliza, "Nani alitunga?", korali nzima inanyamaza, halafu shujaa anasimama na kuimba "Ni mimi!" kwa nota ya juu, ndefu. Mwimbaji wangu alikuwa Diedone, mwalimu mwenzangu, sauti yake safi kabisa. Kila akifika pale, sauti inakatika. Nikashusha wimbo. Ikakatika. Nikabadilisha maneno, nikatia ngoma, nikafuta ngoma. Nilikiandika kipande kile upya mara nne, nikichana makaratasi mpaka mke wangu akaniuliza kama nawasha moto wa kupikia. Diedone alikuja kunishika bega siku moja akasema, "Mwalimu, usikasirike. Nota si ya juu sana. Lakini pale sehemu, ninapofunguaga kinywa, naona kama ninasema uongo."

Niligeuka nikajifanya natafuta kalamu.

Zilipobaki wiki mbili, Diedone akapata msiba Kalima, akapanda moto, yaani pikipiki, akaenda. Nikabaki bila mwimbaji. Na Mama Zaina nilikuwa tayari nimemwambia kwamba kiti cha mbele ni chake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mvua ilianza saa nane, ile mvua ya Kindu ambayo unaongea na mtu wa karibu hamsikiani. Wanakorali hawakuja. Nilikuwa peke yangu ndani ya sale, makaratasi yamesambaa mezani, penseli mkononi, ninakibadilisha kipande kile kwa mara ya tano. Mama Feza alikuwa barazani na kikaango chake. Mlango ni mmoja tu.

Nilipoinua kichwa, mtu alikuwa amekaa kwenye benchi ya mbele.

Sikumwona akiingia. Nilidhani mvua imemleta kujificha. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, sura siijui. Nakuapia, sura ile sikuwahi kuiona. Shati la kawaida, suruali ya kawaida. Hakuwa na viatu. Nikamwambia, "Karibu, ndugu. Mvua imekuonea?"

"Nimesikia munatafuta sauti," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Njiani."

Je, wewe ungemfukuza? Mimi nilikuwa kama mtu anayezama. Nikamuuliza kama anasoma nota. Akatikisa kichwa. "Uniimbie mara moja," akasema, "nitaishika."

Hapo ningepaswa kuelewa. Sikuelewa. Nilimwimbia tendo la mwisho, akasikiliza huku ametazama sakafu. Nilipomaliza akalirudia lote, kutoka mwanzo, bila kukosa hata pumzi. Na sauti ile! Haikuwa kubwa. Lakini mvua yote ile juu ya mabati haikuifunika.

Nikafurahi kama mtoto. Nikamwambia, "Sasa tufanye kama mchezo. Mimi ni komanda. Nikiuliza, wewe unasimama na kuimba."

Nikaenda mbele yake. Nikaimba, "Nani alitunga?"

Hakusimama.

"Hapo ndugu yangu unasimama," nikamwambia. Nikaimba tena. Akabaki amekaa, magoti pamoja, mikono imelala kama mtu aliyeshika kitu mapajani. Nikaanza kukasirika. "Simama! Huyu mtu anasimama!"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mwalimu," akasema taratibu, "huyu muntu hakusimama. Alikuwa amekaa."

Ndipo nilipoiona miguu yake. Nje mvua inapiga, njia zote za Kasuku zimekuwa mto, na miguu ya mtu yule ilikuwa mikavu. Ilikuwa na vumbi. Vumbi jekundu la kiangazi, mpaka kwenye vifundo.

Akasema, "Uliza tena." Sikutaka kuuliza. Nilisikia sauti yangu mwenyewe inaimba, "Nani alitunga?" Na mkono wangu wa kulia ukainuka. Sikuuinua mimi, niamini au usiniamini, niliusukuma chini na mkono wa kushoto na haukushuka. Ulinyooka mbele, na kidole kikamwelekea yeye, pale alipokaa.

Kama kilivyomwelekea siku ile.

Ndiyo. Sasa umejua. Askari aliuliza, na kabla Amisi hajainua macho kwenye gitaa, mimi nilinyoosha kidole. Sikusema hata neno. Kidole tu. Amisi hakusimama, hakujipiga kifua. Walimwinua wao kwa kola. Aliomba avae viatu, wakamkatalia. Alitetemeka hata meno yakagongana. Angeweza kusema, "Si mimi, ni yeye," na ilikuwa kweli, na mimi ndiye ningekwenda. Hakusema. Mpaka leo sijui kama ni kwa upendo au ni kwa woga tu, ulimi ukakwama. Mlangoni aligeuka, akaniambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia binadamu yeyote, si mke wangu, si padri.

Na mtu yule wa kwenye benchi akayasema. Sasa kwa sauti ya Amisi hasa, kigugumizi chake kidogo na yote:

"Gitaa u-usiiweke chini. Unyevu utaiharibu."

Halafu akainuka akatoka, polepole, kama mtu ambaye mazoezi yake yamekwisha.

Sijui nilikaa muda gani. Aliyeniamsha ni Mama Feza. Aliingia na sahani ya mikate, akanikuta nimekaa sakafuni.

"Yule mtu amepita wapi?" nikamuuliza.

"Muntu gani?"

"Aliyekuwa anaimba na mimi."

Akanicheka kidogo. "Mwalimu, ulikuwa unaimba weye peke yako. Sauti mbili, moja ya juu, moja ya chini. Nikasema, leo Mwalimu iko na roho ya kazi. Ulikuwa unauliza 'nani alitunga, nani alitunga', halafu ukajibu mwenyewe, 'ni mimi'. Mara nyingi. Ukalia."

"Nilijibu 'ni mimi'?"

"Kabisa. Mpaka nikaachaga kikaango nikasikiliza." Halafu akatazama chini ya benchi ya mbele, akakunja uso. "E, na hii vumbi? Nani ameingiza vumbi na hii mvua?" Akachukua ufagio. Nilimwona akilifagia kwa macho yangu haya, vumbi jekundu, kavu, lenye umbo la nyayo mbili.

Jioni ile niliketi nikaandika tendo la mwisho upya. Halikunichukua hata saa moja. Nota zilikuja zenyewe, zikapanga foleni. Katika tendo hili jipya shujaa anakaa na gitaa lake, anaogopa, na rafiki yake ananyoosha kidole. Ni hilo tu. Nilipomaliza niliona ni kitu bora kuliko vyote nilivyotunga maishani. Unajua aibu ya kufurahia kitu kama hicho? Nilifurahi kwanza, halafu nikakumbuka kile kiti cha mbele.

Lakini sikuweza kumwacha Mama Zaina ayasikie kwanza mbele ya watu. Asubuhi nilikwenda Mikelenge. Nilimkuta anachambua mchele uani. Aliponiona uso ukafunguka.

"Karibu mwanangu. Opera imefika wapi?"

Nikapiga magoti pale pale kwenye udongo. Akashtuka, akadhani nimefiwa. Nikamweleza. Nilimweleza vyote, wimbo ulikuwa wa nani, kidole, viatu, meno yaliyogongana. Habari ya mtu wa kwenye benchi pia. Mkono wake uliendelea kuchambua, anatoa kijiwe, anatupa, anatoa kijiwe, anatupa. Nilipofika kwenye gitaa, mkono ukasimama.

"Alisema vile?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa gitaa."

"Ndiyo."

Nikasikia jirani wanatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Kisha akasema, na haya ndiyo maneno ninayolala nayo:

"Amisi alikuwa muntu ya woga. Tangu mutoto. Jogoo tu ikimufuata, anakimbia kwangu analia. Watu walipokuja kunipongeza, ati mwana wako ni simba, nilisema ndiyo. Lakini ndani nilikuwa najiuliza, huyu Amisi wao ni nani? Miaka yote hii najiambia, Zaina, mutoto ulizaa mwenyewe hukumujua. Namuombea dua, simuoni sura. Namuona yule simba wenu." Akaniangalia. "Uliniulia mutoto mara mbili. Ya kwanza, vita ilikuwa, kila muntu aliogopa. Labda Mungu atakusamehe ile. Ya pili vita haikuwa. Ulikuwa unakula wali yangu."

Wewe ungejibu nini?

"Uiimbe," akasema. "Hii ya kweli. Nitakuja, nitakaa mbele. Kisha hapa kwangu usikanyage tena."

Tuliiimba Jumapili ya pili baada ya hapo. Sale ilijaa mpaka watu wakapanda madirishani. Diedone alikuwa amerudi; nilipompa karatasi mpya aliisoma, akaniangalia. Yeye akaimba sehemu ya Amisi. Sehemu ya rafiki nilisema nitaimba mimi, na kabla ya kuanza nikawaambia watu kwa mdomo wangu kwamba huyu rafiki hana jina katika mchezo kwa sababu ni mimi. Komanda akauliza. Nikanyoosha kidole. Diedone akaimba maneno ya gitaa, chini kabisa, karibu na kunong'ona, na sauti haikukatika.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Zaina aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, akafunga kitenge vizuri, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Sasa nimemuona." Akatoka. Miezi minne baadaye alifariki. Mazishini nilisimama barabarani, ng'ambo, sikusogea.

Sasa unataka kujua nimebaki vipi. Korali walimchagua Diedone awaongoze. Nilikubali, ni haki. Wapo wanaonisalimu, wapo wasionisalimu. Mke wangu alikaa kwao Pangi mwezi mzima kabla ya kurudi, na aliporudi hakuniuliza jambo lolote, na hilo ni zito kuliko maswali. Na kidole. Kidole hiki cha kulia, tangu Jumapili ile hakikunjiki. Nimekwenda hospitali, wamekipiga picha, wanasema mfupa ni mzima, mshipa ni mzima. Kimenyooka tu. Darasani nashika chaki kwa kushoto. Nikitembea mjini nakificha mfukoni, maana popote mkono unapolegea, kinamwelekea mtu, na mtu huyo anageuka kuniangalia.

Mimi sikuogopeshi kwa marehemu. Amisi hakunidhuru, hata siku ile hakunikasirikia. Nakuogopesha kwa walio hai. Hapa kwetu vita vimepita juu ya kila nyumba, na najua si mimi peke yangu. Yupo mwingine, pengine ni wewe unayenisikiliza, aliyemtaja mtu, au aliyenyamaza alipopaswa kusema, kisha akampamba marehemu kwa sifa ili watu wasiulize. Kama ni wewe, nenda kwa mama yake. Nenda leo, mchana, mikono mitupu, umwambie mtoto wake alikufa vipi. Atakufukuza. Nenda hivyo hivyo, angali hai.